Zuio la Uingereza la 2006 na ajira za Unguja: uchambuzi wa kisa

Tarehe 4 Machi 2024 Somalia ilikabidhi hati zake Arusha na kuwa mwanachama wa nane wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ilikuwa imeshaingia 2022, na Sudan Kusini 2016. Huku Unguja habari ile ilipokewa kana kwamba inahusu vijiji vya hoteli vya Nungwi na Paje kuliko Arusha. Watakuja wangapi, na watashika kazi za nani? Mabarazani, na zaidi pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, ambapo siasa na kahawa havijawahi kutengana, wapo waliotaka mlango ufungwe kabla mtu hajabisha hodi. Wapo pia waliowauliza wenzao tumeanza lini kushangaa wahamiaji, sisi ambao kila nyumba ina mtu Mombasa, Muscat au London.

Uingereza iliwahi kukaa kwenye njia panda hiyo hiyo. Ikachagua kuzuia, ikazuia kwa miaka saba kamili, na leo tunaweza kukisoma kisa chake tangu mwanzo hadi mwisho. Waliozuiliwa ni Wabulgaria na Waromania. Ninavyokisoma mimi, sehemu kubwa ya nguvu ya zuio lile haikutumika kuwazuia watu kuja. Ilitumika kubadilisha karatasi waliyofanyia kazi wakishafika, na mabadiliko hayo ya karatasi yaliwafaa zaidi waajiri wabaya kuliko wafanyakazi wa nchi.

Mei 2004

Huwezi kuielewa 2006 bila kuanzia 1 Mei 2004, siku nchi 10 zilipoingia Umoja wa Ulaya kwa mkupuo mmoja: Poland, Cheki, Slovakia, Hungary, Slovenia, Estonia, Latvia, Lithuania, Malta na Cyprus. Mkataba wa kujiunga uliziruhusu nchi kongwe kuwazuia wafanyakazi wa wanachama wapya, ukiacha Malta na Cyprus, kwa muda usiozidi miaka saba. Muda huo ulikatwa vipande vitatu: miaka miwili, kisha mitatu, kisha miwili ya mwisho kwa nchi itakayoonesha kuwa soko lake la ajira linaumia. Ujerumani na Austria zilikaza mpaka 30 Aprili 2011. Nchi tatu tu katika zile kongwe zilifungua siku ya kwanza: Uingereza, Ireland na Sweden.

Serikali ya Uingereza ilikuwa na makadirio mkononi. Wataalamu wa uchumi walioandikia Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 2003 walikadiria kuwa nyongeza ya wahamiaji kutoka nchi hizo ingekuwa kati ya watu 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Hesabu ile imechekwa sana tangu wakati huo. Lakini ukiisoma utaona ilisimama juu ya sharti moja: kwamba nchi nyingine kubwa, Ujerumani hasa, nazo zingefungua. Hazikufungua. Mtu wa Poland aliyekuwa na Ujerumani mlangoni kwake akaona ni bora apande basi au ndege ya bei nafuu mpaka London. Ilipofika Juni 2006, waliosajiliwa katika daftari la wafanyakazi wa nchi mpya walikuwa 427,000, na waziri mmoja akakiri kuwa ukiwaongeza waliojiajiri wenyewe, ambao daftari lile halikuwahusu, idadi inakaribia 600,000.

Nani aliumia na nani alinufaika? Mabustani ya matunda, viwanda vya kufungasha chakula na hoteli zilipata mikono zilizoikosa kwa miaka. Mbunge wa Southampton John Denham, wa chama cha serikali hiyo hiyo, alisema malipo ya siku ya mafundi ujenzi mjini kwake yamekatika kwa nusu. Halmashauri ya Slough ililalamika kuwa takwimu za taifa haziwahesabu wageni waliomo mjini, kwa hiyo fedha za skuli na huduma zinaletwa kwa hesabu ya watu ambayo si ya kweli.

Kilio hicho cha Slough naona hakipewi uzito wake. Waliolalamika hawakusema watu waondoke. Walitaka wahesabiwe. Mgeni akihesabiwa, mtoto wake analetewa mwalimu. Asipohesabiwa, mwalimu ni yule yule na darasa linajaa, na mzazi mwenyeji anamlaumu mtoto wa mgeni. Anayeijua shehia iliyokua kwa ghafla pembeni ya hoteli ataelewa bila kuelezwa: nyumba za kupanga zinaongezeka, daftari la sheha liko pale pale, na foleni ya kituo cha afya inaanza alfajiri.

Zuio lenyewe

Ndipo Bulgaria na Romania zikawa zinakuja, siku ya kuingia ikiwa 1 Januari 2007. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, John Reid, akatangaza tarehe 24 Oktoba 2006 kuwa safari hii hakutakuwa na mlango wazi. Kwa Wabulgaria na Waromania, kazi za ujuzi mdogo zingekuwa katika kilimo na usindikaji wa chakula tu, na zingekuwa na ukomo wa nafasi 19,750 kwa mwaka. Mwenye ujuzi wa juu angeomba kibali. Mwanafunzi angeruhusiwa saa 20 kwa wiki.

Tuangalie sasa kile ambacho zuio halikukigusa, maana humo ndimo kisa kilimo. Kwanza, watu hawa walikuwa raia wa Umoja wa Ulaya. Hawakuhitaji viza. Waliweza kuingia, kupanga nyumba na kukaa. Pili, na hili ndilo zito, mkataba haukuruhusu kumzuia mtu anayejiajiri mwenyewe. Mromania aliyesema "mimi si mwajiriwa, mimi ni fundi ninayejitegemea" alikuwa huru kufanya kazi kuanzia asubuhi ya kwanza.

Mchukue mwashi mmoja, yeyote, aliyefika London mwaka 2008. Msimamizi anamtaka leo. Hawezi kumwandika, kwa kuwa hana kibali, lakini anaweza kumpa kazi kama mkandarasi mdogo. Mwashi anakwenda kusajiliwa kuwa anajiajiri, anapata namba ya kodi, na chini ya utaratibu wa kodi wa sekta ya ujenzi msimamizi anamkata asilimia 20 kabla ya kumlipa, au 30 ikiwa usajili haujakamilika. Kofia ya kazi anunue mwenyewe. Ankara aandike mwenyewe, kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anajifunza. Mvua ikinyesha hakuna malipo, akianguka jukwaani hakuna malipo ya ugonjwa, na likizo asiitaje. Kima cha chini cha mshahara, ambacho sheria ya Uingereza inamhakikishia kila mwajiriwa, kwake hakipo kwa sababu kwa karatasi yeye ni mfanyabiashara. Kila asubuhi anaripoti kwa mtu yule yule, kwa saa ile ile, na anaelekezwa tofali liwekwe wapi.

Wenye mamlaka walijua. Mtu yeyote wa chama cha wafanyakazi wa ujenzi angekueleza. Sehemu ya Wabulgaria na Waromania waliojiandikisha kuwa wanajiajiri ilikuwa mara kadhaa ya ile ya wenyeji, ambao kati yao wanaojiajiri ni kama mmoja katika kila saba. Mambo yalifika hadi mahakamani: mama mmoja wa Kiromania aliyekuwa akiuza gazeti la mitaani Bristol alithibitishiwa na majaji kuwa anajiajiri, na hivyo ana haki zinazoambatana na kujiajiri. Magazeti yalipiga kelele, ilhali sheria ndiyo iliyomsukuma huko.

Basi yule mwashi wa Southampton aliyelia mwaka 2006 kuwa wageni wanamshushia malipo alipata nini? Wageni wakaendelea kuja, safari hii wakiwa wamekatazwa na sheria kuingia mkataba wa ajira. Mwenyeji anashindana vipi na mtu asiye na kima cha chini? Kama ningekuwa msimamizi mwenye tamaa, zuio lile ningeliombea dua.

Kuna kipande kingine cha habari hii ambacho mtu wa pwani hawezi kukipita. Usiku wa 5 Februari 2004, katika ghuba ya Morecambe, wachuma kome wasiopungua 21 kutoka China walikufa maji. Walipelekwa na nyapara kwenye mchanga wa mbali maji yakiwa yamekupwa, hawaijui ghuba, maji yakajaa na kuwazunguka gizani. Kwa msiba ule Bunge lilipitisha mwaka huo huo sheria ya kuwapa leseni wanaokusanya na kuwakodisha vibarua, na chombo cha kuwasimamia kikaundwa. Kilikuwa chombo kizuri. Lakini mipaka yake ilikuwa kilimo, usindikaji wa chakula na uchumaji wa vitu vya baharini. Ujenzi haukuwemo, wala usafi wa majumba na maofisi. Kwa hiyo ulinzi uliwekwa kule ambako zuio liliruhusu Wabulgaria na Waromania 19,750 waende, na haukuwekwa kule ambako wengine wote walikwenda kwa mlango wa kujiajiri.

Siku lilipokwisha

Zuio liliongezwa muda mara mbili, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 miaka saba ilikuwa imekwisha. Wiki za mwisho zilikuwa za taharuki. Asubuhi ya 1 Januari 2014 wabunge wawili, Keith Vaz na Mark Reckless, walikwenda uwanja wa ndege wa Luton kushuhudia mafuriko ya Waromania. Ndege ilitua ikitokea Târgu Mureș, Romania. Wengi waliomo walikuwa tayari wana kazi Uingereza na walikuwa wanarudi kutoka likizo ya Krismasi. Waandishi wa habari walikuwa wengi kuliko wa kuandikwa.

Hapa anayetetea milango wazi hupenda kusimamisha hadithi, lakini inaendelea. Waromania waliongezeka kweli baada ya 2014, na kufikia 2017 walikadiriwa kuwa zaidi ya 400,000, wa pili kwa idadi kati ya raia wa kigeni baada ya Wapoland. Kwa hiyo zuio lilikuwa limewachelewesha baadhi, hilo likubalike. Wengine lilikuwa limewapeleka Italia na Hispania, ambako lugha ni ndugu ya Kiromania, mpaka Hispania nayo ilipobanwa na ukosefu wa ajira na kuwarudishia Waromania zuio mwaka 2011. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza wakapiga kura ya kutoka kwenye Umoja, kwa asilimia 51.9. Katika wilaya ya Boston, mji wa mashamba ya mboga uliotegemea mikono ya Ulaya Mashariki, waliotaka kutoka walikuwa asilimia 75.6. Mwaka 2019, hata kabla nchi haijatoka rasmi, serikali ilikuwa imeshaanzisha upya mpango wa vibarua wa msimu, kwa nafasi 2,500 za majaribio. Matunda yalitaka kuchumwa. Mtu wa Pemba aliyewahi kuona karafuu zikikomaa mtini na wachumaji hawatoshi hatashangaa. Tangu lini mwenye shamba akamuuliza mchumaji kabila lake kabla ya kumpimia pishi?

Tukirudi nyumbani

Nimewahi kusikia mabishano haya, na nayaweka hapa kwa kuwa ndani yake mna mjadala mzima. Mzee mmoja alisema, "Yakhe, Wasomali wameshaingizwa, hawa wajukuu zetu watakula wapi?" Kijana aliyekaa karibu naye, ambaye amesomea utalii Maruhubi, akamjibu kwa adabu: "Babu, mimi nimeomba kazi hoteli tatu. Wote waliopata ni Watanzania, na mmoja Mkenya. Msomali sijamuona." Mzee akasema, "Basi hao ndio ninaowasema mimi."

Hapo pana mafundo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la mgeni wa nchi nyingine, la pili ni la ndugu kutoka Bara, na kisheria hayakutani. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Ndiyo maana mgeni anayetaka kufanya kazi hapa anahitaji kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, na kibali cha kazi kutoka upande wa Zanzibar chini ya Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005. Mtu wa Tanga au Mwanza ni raia, hahitaji kibali. Mwenye hoja juu yake aijenge kama hoja ya Muungano na ya ujuzi, asiipitishe mlango wa nyuma kwa jina la Somalia.

Na huyo wa Somalia au Kongo amefunguliwa nini hasa? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010, inatoa uhuru wa wafanyakazi katika Ibara ya 10. Lakini kila nchi iliambatanisha orodha ya kazi ilizokubali kufungua, na Tanzania ilifungua kwa wataalamu na watu wenye ujuzi wa juu. Mhudumu wa meza na kibarua wa ujenzi hawamo. Kwa maneno mengine, zuio alilolitaka yule mzee lipo tangu 2010, na limo ndani ya mkataba.

Sasa pindua ukurasa ufike Ibara ya 13. Hapo kuna haki ya mtu wa nchi mwanachama kuanzisha shughuli na kujiajiri katika nchi nyingine. Ni umbo lile lile la Uingereza: ajira imebanwa kwa orodha, kujiajiri kuna njia yake. Bara wameliona hilo kwa namna yao. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara 15, zikiwemo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ukarabati wa simu, uongozaji watalii na biashara ya rejareja. Kenya ikapinga, ikisema Itifaki imevunjwa. Leseni za biashara si jambo la Muungano, kwa hiyo amri ile haikuvuka maji kuja kwetu, ingawa wapo wanaotaka tuwe na yetu.

Mimi siitaki, na sababu zangu si za huruma, japo huruma nayo ina nafasi yake. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, Wapemba zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya, na baadhi yao wakaishia Mogadishu, wakaishi huko zaidi ya miaka kumi mpaka 2012, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilipowarudisha 38 kwa ndege. Nchi iliyokuwa vitani iliwapa watu wetu pa kulala. Anayesema Msomali hana lolote kwetu na akumbuke hilo kwanza.

Sababu zangu ni zile za Southampton. Tazama majengo yanayoinuka kati ya Paje na Jambiani. Vibarua wanalipwa kwa siku, au wanapewa kazi kwa kipande: ukuta huu kiasi hiki, shimo hili kiasi hiki. Mkataba ni wa mdomo. Akiumia, fundi mkuu anasema si mtu wangu, nilimpa kazi tu. Kijana wa Makunduchi, wa Mtwara na wa Mombasa wote wamesimama mahali pale pale alipokuwa amesimama yule Mromania, na hapakuhitajika zuio lolote kuwafikisha hapo. Ukiongeza amri ya kumkataza mmoja wao, hataondoka. Atakuwa wa bei rahisi zaidi, kwa kuwa sasa hawezi hata kwenda kushitaki, na anayeajiri atamtaka yeye kwanza.

Wenye hoteli nao wasikae pembeni kana kwamba habari hii haiwahusu. Jibu lao limekuwa moja kwa miaka: Wazanzibari hawana lugha, hawataki kubeba pombe, wasichana hawataki zamu ya usiku. Mengine yana ukweli, na mzazi anayemkataza binti yake kurudi saa nane za usiku kwa bodaboda ana haki yake. Lakini zamu ya usiku yenye gari la kumrudisha mfanyakazi nyumbani ni gharama, na kumsomesha mtu Kitaliano ni gharama. Kumchukua aliyekwisha kufunzwa Mombasa au Arusha ni bure. Visiwa vinapokea watalii zaidi ya 700,000 kwa mwaka, na watu wake ni 1,889,773 kwa sensa ya 2022. Gharama hizo zinabebeka.

Kwa kitu kimoja nawapongeza Wazungu wa mkataba ule: waliweka ukomo. Miaka miwili, mitatu, miwili, basi. Waziri aliyetaka kuongeza muda alilazimika kusimama na kueleza kwa nini. Waingereza waliutumia muda wao wote, wakaulinda mlango wa ajira, wala hawakukipeleka kile chombo cha leseni kwenye sehemu za ujenzi ambako kila mtu alijua kinachotendeka. Kwetu amri zikitoka hazina tarehe ya kufa. Siku hoja ya kuzuia itakapofika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, natamani mwakilishi mmoja asimame aulize masuali mawili kabla ya kura: zuio hili linakwisha tarehe gani, na kati ya leo na siku hiyo Kamisheni ya Kazi itaajiri wakaguzi wangapi?